Utotoni kulitokea nini? Swali linaloulizwa vibaya kuhusu jinsia na mapenzi

Mjadala kuhusu watu wanaopenda jinsia yao, au wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyoandikiwa walipozaliwa, haufiki mbali kabla mtu hajasema: "Huyu lazima kuna kitu kilimpata akiwa mdogo." Mwingine anadakia kwamba amelelewa na wanawake watupu. Wa tatu anakata mzizi wa fitina: ni jeni, amezaliwa hivyo, tusisumbuane. Wote watatu wameshika kipande cha ukweli, na wote wamekivuta mbali kuliko ushahidi unavyoruhusu. Matukio ya utotoni yana nguvu kubwa sana katika maisha ya mtu, ila si pale ambapo watu wengi wanapopigia kelele. Na gharama ya kukosea hapa wanaibeba watoto: yule aliyebakwa ambaye anaanza kuambiwa kwamba sasa "ameharibika", na yule ambaye hajaguswa na mtu lakini anahojiwa usiku na mchana akiri nani alimharibu.

Vitu vitatu visivyo kimoja

Kuna mvuto, yaani moyo na mwili vinamwelekea nani. Kuna utambulisho, yaani mtu anajijua kuwa mwanamume, mwanamke au vinginevyo. Na kuna matendo, yaani amewahi kulala na nani. Mara nyingi vitatu hivi hutembea pamoja, lakini havijafungwa kamba. Mfungwa anaweza kushiriki tendo na mwanamume mwenzake kwa miaka, kisha akitoka gerezani asimtamani mwanamume tena. Mwanamke anaweza kuvutwa na wanawake maisha yake yote bila kumgusa hata mmoja. Mtu aliyezaliwa na mwili wa kiume na anayeishi kama mwanamke anaweza kupenda wanaume, wanawake, au wote; kujijua kwake hakutuambii lolote kuhusu anayempenda.

Utengano huu ndio unaoamua utafiti unasema nini. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa jeni wa watu wapatao 477,000. Waliposema "mapenzi ya jinsia moja" walikuwa wamepima kitu kimoja tu: je, umewahi, hata mara moja, kufanya ngono na mtu wa jinsia yako? Aliyejaribu mara moja ujanani na aliyeishi na mwenzi wa jinsia yake miaka thelathini waliwekwa kapu moja. Walipata sehemu tano za jeni zenye uhusiano na jibu hilo, kila moja ikiwa na uzito mdogo mno. Tofauti za kawaida za kijeni zikijumlishwa zote zilieleza kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti iliyoonekana kati ya watu. Hakuna jeni moja, na hakuna kipimo cha damu kitakachokuambia mtoto wako atampenda nani. Wanaosema "amezaliwa hivyo" walisoma neno jeni wakashangilia. Wanaosema "amejifunza" walisoma "hakuna jeni moja" wakashangilia pia. Wote wawili walisoma kichwa cha habari, hawakusoma swali lililoulizwa.

Mama mkali na baba wa mbali

Nadharia kwamba wazazi wa aina hii ndio wanaomfanya mvulana apende wanaume bado inatajwa na washauri wengi kana kwamba ilithibitishwa juzi. Chimbuko lake la kitafiti ni kazi ya Irving Bieber na wenzake nchini Marekani mwaka 1962. Walilinganisha wanaume 106 wanaopenda wanaume na wengine 100 wanaopenda wanawake, wakaona kundi la kwanza lina akina mama wanaowabana sana na akina baba walio mbali nao. Kasoro mbili zinauvunja ushahidi huo. Wote walikuwa wagonjwa waliokuwa tayari kwenye matibabu ya akili, na dodoso hazikujazwa na wao wenyewe bali na madaktari wao, ambao tayari waliiamini nadharia iliyokuwa ikipimwa.

Miaka mitano kabla ya hapo, Evelyn Hooker alikuwa amefanya jambo rahisi zaidi na la busara zaidi. Aliwachukua wanaume 30 wanaopenda wanaume na 30 wanaopenda wanawake, wote wasio wagonjwa, akawapa vipimo vya kisaikolojia, kisha akawapelekea mabingwa wa vipimo hivyo majibu bila majina. Mabingwa walishindwa kutofautisha nani ni nani. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa, na Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990.

Mwaka 1981 Alan Bell, Martin Weinberg na Sue Hammersmith walichapisha uchambuzi wa mahojiano na watu karibu 1,500 wa eneo la San Francisco. Uhusiano na baba na mama ulikuwa na mchango mdogo sana. Kilichotabiri zaidi ni mtoto kutofuata mtindo wa jinsia yake tangu mdogo: mvulana asiyependa kupigana na anayecheza na wasichana, msichana anayekataa gauni na anayependa kupanda miti.

Hapo ndipo mpangilio wa sababu na matokeo unapogeuka. Baba anamwona mwanawe wa miaka minne akijifunga kanga ya mama, anakunja uso, anaanza kumkwepa. Miaka ishirini baadaye kijana anaketi mbele ya mshauri na kusema, "Baba hakuwahi kuwa karibu nami," na mshauri anaandika kwamba umbali wa baba ndio uliomfanya awe hivyo. Umbali ulikuwepo kweli. Ila ulikuja baada ya mtoto kuonekana tofauti.

Kwa kuwa kumbukumbu ya mtu mzima inaweza kujipamba, watafiti wametafuta njia za kuikwepa. Mwaka 2008 Gerulf Rieger na wenzake walikusanya video za nyumbani za watu wazima walipokuwa watoto, wakawaonyesha watazamaji wasiojua mtoto yupi alikua kumpenda nani. Waliokua wakipenda jinsia yao walionekana, kwa wastani, kutofuata mtindo wa jinsia yao tangu wadogo. Neno la kushika ni "wastani". Wako wavulana wengi watulivu wanaokua kuwa waume na mababa, na wako wachezaji shupavu wa mpira wanaopenda wanaume. Mzazi anayemchunguza mtoto kwa kuangalia midoli anayochezea atakosea mara nyingi kuliko atakavyopatia.

Na je, watoto waliolelewa na akina mama wanaopenda wanawake? Susan Golombok na Fiona Tasker waliwafuatilia Uingereza hadi utu uzima: kati ya 25, 23 walijitambulisha kuwa wanapenda jinsia nyingine. Kundi ni dogo, lakini kama malezi ndiyo yangekuwa yanapanda mbegu, hapo ndipo mahali ambapo tungeiona imeota.

Malezi yalipojaribiwa hadi mwisho

Kisa cha David Reimer kinajulikana sana, na ni sawa kwamba kinajulikana. Alizaliwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1965, mmoja wa pacha wa kiume. Akiwa na miezi minane, uume wake uliungua wakati wa tohara iliyofanywa kwa mashine ya umeme. John Money, mwanasaikolojia wa hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, aliyeamini kwamba mtoto huzaliwa bila upande na malezi ndiyo yanayomfanya mvulana au msichana, aliwashauri wazazi wamlee kama msichana. Aliondolewa korodani, akapewa jina la Brenda na nguo za kike, baadaye na homoni. Kwa miaka mingi Money aliwaandikia wenzake kwamba jaribio limefanikiwa. Mtoto mwenyewe alikataa gauni, alipigana, na alipokuwa na miaka 14 akaambiwa ukweli, aliamua kuishi kama mvulana. Milton Diamond na Keith Sigmundson waliuweka ukweli huo hadharani mwaka 1997. David alijiua mwaka 2004.

Kisa kimoja hakitoshi, kwa hiyo tazama cha pili. William Reiner na John Gearhart walichapisha mwaka 2004 habari za watoto 16 wenye kromosomu za kiume waliozaliwa na ulemavu mkubwa wa sehemu za chini za tumbo. Kumi na wanne kati yao walifanyiwa upasuaji na kulelewa kama wasichana. Wanane walikuja kutangaza kwamba wao ni wavulana, watano walikuwa wakiishi kama wasichana, na mmoja hakutaka kulizungumzia. Na huko Jamhuri ya Dominika, Julianne Imperato-McGinley alieleza watu wenye upungufu wa kimeng'enya kinachojenga viungo vya nje vya kiume kabla ya kuzaliwa. Walilelewa kama wasichana hadi balehe ilipobadili miili yao. Kati ya 18, 17 walichukua utambulisho wa kiume.

Wapo wanaoitumia mifano hii kusema malezi ni bure kabisa. Hapana. Watano kati ya wale kumi na wanne walibaki wasichana, na hilo si dogo. Kwenye utambulisho, malezi na mazingira yanaonekana kuwa na sauti fulani. Kwenye mvuto picha ni kali zaidi. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2016 yaliyokusanya visa saba vya watoto wa kiume waliogeuzwa utotoni na kulelewa kama wasichana yalikuta wote saba wanavutwa zaidi na wanawake. Ukimlea mtu maisha yake yote kama msichana na bado hukuweza kuyaelekeza mapenzi yake kwa wanaume, ni vigumu kudai kwamba ukali wa mama utaweza.

Kabla ya kuzaliwa

Ugunduzi uliorudiwa mara nyingi zaidi katika eneo hili ni wa kaka wakubwa. Ray Blanchard na Anthony Bogaert walionyesha mwaka 1996 kwamba kila kaka mkubwa wa tumbo moja huongeza uwezekano wa mvulana kupenda wanaume kwa karibu theluthi moja. Mwaka 2006 Bogaert akaonyesha kwamba kaka wa kambo au wa kuasili, hata wakilelewa nyumba moja, hawaongezi kitu, ilhali kaka wa mama mmoja aliyelelewa kwingine anahesabika. Kwa hiyo jambo linatokea tumboni, si chumbani. Maelezo yanayopewa uzito ni kwamba kinga ya mwili ya mama huzoea protini za kiume kwa kila mimba ya mvulana.

Fanya hesabu kabla hujaanza kuwatazama wadogo zako kwa jicho lingine. Ukianza na asilimia 2 kwa mvulana asiye na kaka, mwenye kaka mmoja anafika kama 2.6, mwenye wawili 3.5, mwenye watatu 4.6. Maana yake mvulana mwenye kaka watatu bado ana zaidi ya asilimia 95 ya uwezekano wa kupenda wanawake.

Pacha nao wana somo lao. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2010 ulitumia daftari la pacha la taifa, si matangazo ya kujitolea, na kwa hiyo ni wa kuaminika kuliko ya awali. Kwa wanaume, urithi ulieleza kati ya asilimia 34 na 39 ya tofauti za matendo. Mazingira ya nyumbani yanayowagusa pacha wote wawili yalikuwa sifuri. Kwa wanawake urithi ulikuwa asilimia 18 hadi 19, na mazingira ya pamoja 16 hadi 17. Sehemu kubwa iliyobaki inaitwa mazingira ya mtu binafsi, na hapa ndipo wasomaji huteleza. Wanaposikia "mazingira" wanafikiria malezi au mtu mbaya wa jirani. Humo ndani mna kila kisichofanana kati ya pacha: nafasi ya kila mmoja tumboni, ugonjwa wa utotoni, bahati tu ya ukuaji wa ubongo, hata makosa ya dodoso lenyewe.

Unyanyasaji wa kingono

Hili ndilo eneo ambalo uzembe wa fikra unaumiza zaidi. Ni kweli kwamba watu wanaopenda jinsia yao, katika tafiti nyingi, wanaripoti kunyanyaswa utotoni zaidi ya wengine. Uhusiano huo upo na haufai kufichwa. Swali ni unatoka wapi.

Njia ya kwanza ni kwamba tukio lilisababisha mvuto. Ya pili ni kwamba mnyanyasaji huchagua. Anamtafuta mtoto aliyetengwa, anayechekwa na wenzake, asiye na mtu mzima wa kumweleza siri, na mtoto anayeonekana tofauti mara nyingi ndiye huyo. Ya tatu ni kijana wa miaka 14 aliyekwisha kujijua, asiye na wa rika lake wa kuzungumza naye, anayeangukia mikononi mwa mwanamume wa miaka 35. Huo ni unyanyasaji, hakuna shaka, lakini mvuto ulitangulia. Ya nne ni kusema: mwanamume aliyekwisha kukiri siri moja kubwa huwa mwepesi kukiri nyingine kuliko yule ambaye hajawahi kufungua mdomo.

Helen Wilson na Cathy Spatz Widom walijaribu kulitatua mwaka 2010 kwa kufuatilia, kwa miaka thelathini, watoto ambao kesi zao za kuteswa zilithibitishwa mahakamani, wakiwalinganisha na watoto wa hali kama yao. Kupigwa na kutelekezwa hakukuwa na uhusiano wa maana na kuwa na wenzi wa jinsia moja. Kunyanyaswa kingono kulihusiana, kwa wanaume tu, na kuwahi kuwa na mwenzi wa kiume. Rudi sasa kwenye vile vitu vitatu: kilichopimwa ni tendo, "umewahi", si mvuto. Mtu aliyeumizwa anaweza kurudia tendo kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kujaribu kulielewa lililompata.

Kisha kuna hesabu ambayo hakuna nadharia inayoweza kuiruka. Kadirio ambalo Shirika la Afya Duniani lililitumia kwa muda mrefu ni kwamba mwanamume mmoja kati ya 13 anaripoti kunyanyaswa kingono utotoni. Kwa wanaume 1,000 hao ni kama 77. Wanaopenda wanaume, kwa makadirio ya kawaida, ni 20 hadi 30. Hata tukijifanya kwamba kila mmoja wa hao 30 alinyanyaswa, jambo ambalo si kweli, bado wanabaki 47 walionyanyaswa ambao wanapenda wanawake.

Mvulana aliyenyanyaswa anahitaji kuambiwa jambo moja waziwazi, na ni lile ambalo watu wazima huona aibu kulitamka: mwili wake unaweza kuwa uliitikia. Kusimama kwa uume na hata kumwaga mbegu ni mwitikio wa neva kwa kuguswa. Hutokea pia kwa mtu aliyejaa hofu. Hakumaanishi alikubali, hakumaanishi alifurahia, na hakusemi chochote kuhusu atakayempenda. Asipoambiwa, atabeba swali hilo peke yake, na mnyanyasaji mara nyingi ameshampa jibu: "Ulipenda wewe mwenyewe."

Ukiambiwa na mtoto leo, mambo ya haraka ni haya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kwa msichana aliyebalehe, dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafaa hadi saa 120. Usimwogeshe kabla hajaonwa na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana plastiki hushika unyevu na kuharibu ushahidi. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utawaambia wale tu wanaoweza kusaidia.

Namna ya kuuliza ina uzito kama dawa. Sema, "Niambie kilichotokea," kisha, "Halafu?" na unyamaze. "Alikushika hapa, sivyo?" ni swali linaloweka jibu mdomoni mwa mtoto, na mahakamani linaweza kuiangusha kesi. Asihojiwe na shangazi, kisha mwalimu, kisha kiongozi wa dini, kila mmoja upya. Kila marudio yanachubua kidonda na kubadili maneno. Na usiulize, hata kwa upole, kama "sasa unajisikia kupenda wavulana". Ushauri nasaha unaolenga kiwewe, ule wenye ushahidi mzuri kwa watoto, huchukua kwa kawaida vikao 12 hadi 16, na mzazi anahudhuria sehemu yake. Lengo lake ni hofu, ndoto mbaya, lawama za nafsi. Kumfanya mtoto apende jinsia fulani si lengo lake, na mshauri anayekuahidi hilo amebadilisha kazi.

Mtoto anayesema yeye si jinsia hiyo

Hapa mambo ni magumu zaidi, na naomba msomaji asikubali kuharakishwa na upande wowote.

Watoto wengi hutaja jinsia yao wakiwa na miaka miwili au mitatu, lakini hadi kama miaka mitano au saba baadhi bado wanaamini kwamba mvulana akivaa gauni amekuwa msichana. Kwa hiyo kauli moja ya mtoto wa miaka minne haina uzito wa kauli inayorudiwa kwa miaka, yenye machungu, akiwa na miaka kumi. Vigezo vya madaktari wa akili vya Marekani vya mwaka 2013 vinadai angalau dalili sita kati ya nane kwa miezi sita au zaidi, moja ikiwa lazima hamu kubwa ya kuwa jinsia nyingine au kusisitiza kwamba ndivyo alivyo, pamoja na mateso au kushindwa kuendesha maisha. Kupenda midoli fulani peke yake hakutoshi.

Mtu atakuambia wengi huacha wakikua. Mwingine atasema karibu wote hubaki. Wote wana namba. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2008 ulifuatilia watoto 77 na kukuta asilimia 27 bado wana hali hiyo ujanani. Kati ya walioacha, wasichana wote na nusu ya wavulana walikuja kupenda jinsia nyingine; nusu iliyobaki ya wavulana walipenda jinsia yao au zote mbili. Utafiti wa Kristina Olson wa Marekani wa mwaka 2022 ulifuatilia watoto 317 waliokwisha kubadili jina na mavazi, na baada ya wastani wa miaka mitano asilimia 94 walikuwa palepale. Tofauti haitokani na uongo. Wa Uholanzi waliwahesabu chini ya vigezo vya zamani, ambavyo havikulazimu mtoto kusema anataka kuwa jinsia nyingine, na baadhi yao hawakupatikana tena. Wa Marekani waliwachukua watoto ambao familia zilishaamua, yaani wale ambao hali yao ilikuwa kali na ya muda, na pengine mabadiliko yenyewe yanasaidia kuidumisha njia. Ukitaka namba moja ya kumpa mzazi, hutaipata. Unachoweza kumwambia ni kwamba ukali wa hali hiyo ni miongoni mwa vitu vinavyotabiri zaidi.

Kuhusu mkasa kuwa chanzo: ripoti ya daktari wa watoto Hilary Cass ya Aprili 2024, iliyokagua huduma za afya kwa watoto wa aina hii Uingereza, ilisema ushahidi wa dawa za kusitisha balehe ni dhaifu na ikataka kila mtoto atazamwe mzima: usonji, huzuni, matukio mabaya ya nyumbani. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2023 kilishikilia msimamo wake wa kuunga mkono huduma, huku kikiagiza mapitio ya ushahidi. Ubishi uko hai kuhusu dawa. Lakini kuna kosa ambalo pande zote mbili zinaweza kulifanya mezani: kuona jinsia tu na kusahau kwamba huyu mtoto halali kwa sababu kuna mtu anampiga, au kuona kipigo tu na kuamua kwamba kikikoma, hisia za jinsia nazo zitakoma.

Nadharia kwamba vijana huambukizana hali hii kupitia marafiki na mitandao ilipata nguvu mwaka 2018 kwa utafiti wa Lisa Littman. Waliojibu walikuwa wazazi 256, si watoto wenyewe, na wengi walipatikana kupitia tovuti za wazazi waliokuwa tayari na wasiwasi huo. Jarida lilichapisha marekebisho mwaka 2019 kulisema hilo wazi. Inaweza kuwa dhana ya kuchunguzwa. Ushahidi wa kumhukumu mwanao haupo hapo.

Nyumbani, kwa sasa: usimpige, usimnyoe kwa nguvu, usimtangaze. Angalia usingizi, chakula, shule, na maneno ya kutaka kufa. Hayo ndiyo yanayohitaji daktari wiki hii.

"Tiba" za kubadilisha

Robert Spitzer, daktari wa akili yuleyule wa Marekani aliyesaidia kuondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa, alitoa mwaka 2001 matokeo ya mahojiano ya simu na watu 200 waliosema tiba imewabadilisha kutoka kupenda jinsia yao hadi kupenda jinsia nyingine. Aliyachapisha mwaka 2003, yakatumiwa dunia nzima. Wengi wa waliohojiwa walitoka kwenye vikundi vinavyouza tiba hiyo, na hakukuwa na kipimo chochote zaidi ya neno lao. Mwaka 2012 aliomba radhi hadharani. Anayekuletea utafiti huo leo ama hajui, ama anategemea wewe hujui.

Mtu mzima anayetaka kujua

Wapo watu wazima wanaouliza kwa dhati: je, niko hivi kwa sababu ya kilichonipata? Wana haki ya kuuliza, na mshauri asiwakatize kwa jibu la upande wowote. Zoezi linalosaidia ni mstari wa maisha. Laza karatasi, chora mstari, weka miaka kuanzia kuzaliwa. Juu ya mstari andika matukio. Chini andika kumbukumbu za mvuto: nani alikufanya ushindwe kuondoa macho, lini. Kwa kalamu ya rangi nyingine andika maneno uliyoambiwa na nani aliyasema.

Linaloharibika mara kwa mara ni tarehe. Tukio la unyanyasaji lina tarehe kali, kwa hiyo mtu hupanga kila kitu kingine baada yake. Tumia nanga: ulikuwa darasa la ngapi, mlikaa nyumba gani, nani alikuwa jirani. Kumbuka pia kwamba Martha McClintock na Gilbert Herdt walionyesha mwaka 1996 kuwa mvuto wa kwanza hukumbukwa kwa wastani katika miaka kumi hivi, kwa wanaopenda jinsia yao na kwa wasioipenda. Mtoto aliyenyanyaswa akiwa na miaka tisa angeanza kuhisi mvuto mwaka uliofuata hata kama asingeguswa na mtu. Viwili vikifuatana hivyo, akili huvifunga pamoja.

Sehemu ya rangi ndiyo huwa ndefu kuliko zote: "umeharibika", "ulitaka mwenyewe", "usimwambie baba yako". Hapo ndipo utoto hufanya kazi yake kubwa, kwenye aibu, kwenye imani kwa watu, kwenye uwezo wa kukaa ndani ya mwili wako bila kuuchukia, na hapo ndipo vikao vinapaswa kutumika. Mtu akianza kuhema, kutetemeka au kuliona tukio kana kwamba linatokea sasa, mshauri aweke kalamu chini, amsaidie kuhisi miguu sakafuni na kutaja vitu anavyoviona chumbani, na mstari huo usiendelee siku hiyo. Kiwewe kinatibiwa kwanza. Swali la chanzo linaweza kungoja, na kama mtu hatalirudia tena, mshauri hana sababu ya kumkumbusha.